Dereva Aliyekuwa Akisoma

Jumapili, rafiki yangu,

Anayemwandikia marehemu huanza kwa kuuliza habari za huko. Mimi sikuulizi, najua hutanijibu, nami nitabaki na hasira. Naanza na habari yenyewe: nimemwona Kipanga, yule bingwa wetu wa mbio za magari. Si kumwona kule tulikozoea, vumbi kwanza, gari baadaye, kisha vumbi tena. Nimemwona amesimama kwa miguu yake miwili chini ya lango lako, akifuta jasho kwa mkono wa shati, nami niko karibu naye hivi kwamba ningeweza kumshika bega. Na nililoliona lilinichekesha, kisha likanikalisha chini kwenye nyasi. Nikageuka nikutafute nikuambie. Ndipo nikakumbuka.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Ekegusii cha kwetu nyumbani tulikiachia mahari, magonjwa na maombi. Ubishi wetu ulizaliwa kwa Kiswahili kule Kericho kwenye majani chai, tulipokuwa vijana tukilala nyumba moja na watu wa kila kabila, na ukaendelea kwa Kiswahili mpaka mwisho. Huko ndiko ulikoniita Jumamosi kwa sababu ya Sabato yangu, nami nikakuita Jumapili kwa sababu ya misa yako. Wake zetu walidhani tunatukanana. Siku nyingine tulikuwa tunatukanana kweli.

Lakini usidhani nimekaa kuandika kwa ajili ya magari tu. Tangu tukuzike, mwaka haujaisha, na shamba lako la Nyansiongo limeponea chupuchupu. Ndugu yako Ogeto alitaka kulichukua na kumrudisha mkeo Mama Moraa kwao. Silaha aliyokuja nayo mbele ya wazee ilikuwa maneno yangu mimi, yale yale niliyokuwa nikikurushia kila Pasaka kwa utani. Nitakueleza yote. Ila lazima nianzie kwenye kona ya barabara, maana bila ile kona hutaelewa nilivyomjibu.

Wewe ulikuwa mtu wa bahati. Mashamba ya wazungu yalipogawanywa ulipata kipande kinachopakana na barabara, mto uko chini yake, na udongo mweusi ambao hata mbegu ikikuponyoka mkononi inaota. Mimi nilibaki kwetu upande wa Nyamira, kwenye mteremko ambao kuku akiteleza anaishia kwa jirani. Tena mbio za magari za Pasaka zilipoanza kupitia barabara yako, ukapata na kiti cha kutazamia bure: ule ukingo wa nyasi juu ya kona, karibu na lango, kabla ya daraja. Jumamosi magari yalikwenda, yakitoka Kisii kuelekea Sotik. Jumapili yalirudi.

Hapo dini zikatugawa. Jumamosi mimi niko kanisani mpaka jua litue, na hata Kipanga angepita juu ya paa nisingeinua macho. Nisingeyainua sana. Wewe siku hiyo ulikuwa huru, unakaa ukingoni na ndizi zako za kuchoma unatazama. Jumapili wewe uko kwenye misa ya Pasaka, ile ndefu ambayo padri hamruki mtakatifu hata mmoja, na mimi ndiye niliyevuka vilima asubuhi kuja kukaa pale pale ulipokaa jana, nyasi bado zimelala. Ukirudi kutoka misa, wewe ulishaona na mimi nimeshaona, na ubishi unaanza kabla hujalegeza tai. Miaka yote ile hatukuwahi kukaa pale siku moja. Jambo hili nalishangaa sasa. Wakati ule sikulishangaa hata kidogo.

Wewe ulisema ni dereva. Ulisema umemwona Kipanga kwa macho yako akipigana na usukani kama mtu aliyeshika fahali kwa pembe, matope yamefika dirishani, gari linataka kwenda mtoni na yeye anakataa. “Hiyo gari bila yeye ni bati tu,” ulikuwa unasema. Mimi nilisema ni gari. Na sikubisha ili nibishe tu, nilikuwa na ushahidi niliouamini kabisa. Mimi nilimwona Kipanga akisoma.

Ndiyo, akisoma. Kila mwaka, lile gari la bluu lenye mstari mweupe lilipopita chini yangu, nilimwona mtu dirishani ameinamisha kichwa, karatasi mapajani, kidole kinatembea kwenye mistari, midomo inacheza. Kona kali namna ile, daraja liko mbele, na yeye anasoma kama mzee wa kanisa anayetafuta fungu! Mikono yake haikuwa popote karibu na usukani. Nikakuambia, dereva gani huyo? Gari linajua njia. Ukaniuliza usukani ulikuwa wapi basi. Nikakujibu kwamba magari ya ng'ambo huwekwa usukani upande wa kushoto, hujaona gari la mapadri wenu? Ukakubali, kwa kuwa gari la mapadri lilikuwa hivyo kweli. Wewe Jumamosi ulikuwa umeona mtu na usukani, ukaridhika. Habari ya kulia na kushoto haikukupitia akilini, na mimi haikunipitia pia.

Basi tukawa tunapimana mwaka baada ya mwaka. Uliposikia redioni kwamba yalikuja magari matatu ya kiwanda kimoja, rangi moja, na la Kipanga likafika la kwanza huku mawili mengine yamelala mtaroni, ulikuja mpaka kwangu kwa baiskeli kunitangazia. “Gari ni moja, watu ni tofauti! Sema sasa!” Nikasema rangi si injini, bingwa hupewa ile iliyo nzuri zaidi na wengine wanaachiwa makombo. Mwaka Kipanga alipobadilisha gari, rangi tu ikabaki ile ile, na bado akashinda, ulipika pombe, mimi nikanywa soda yangu kwa unyonge. Mwaka uliofuata gari lilimfia kabla hata ya kufika kwetu. Nikakuuliza, yule mtu wako leo amesahau kuendesha? Ukanijibu kwa mawe ya kuchonga ya Tabaka. Ukasema jiwe ni lile lile, linachimbwa shimo moja, mchongaji mmoja anatoa kiboko mpaka unaogopa kumkaribia, mwingine anatoa kitu ambacho hata mwenyewe hajui kama ni ng'ombe au kiti. Nikakuuliza kama huyo mchongaji wako ameshawahi kutoa kiboko kwenye udongo wa mfinyanzi. Tulikula mchana kutwa kwa swali hilo moja, Mama Moraa akitupakulia.

Nikuulize jambo, na huwezi kukasirika tena. Ulijua kwamba nikisema gari, nusu ya maneno yangu yalikuwa juu ya shamba lako? Naamini ulijua. Mikebe yako ya maziwa ilikuwa inajaa, mahindi yako yanasimama marefu kuliko ya majirani, na watu wanasema Nyakundi ni mkulima hodari. Mimi nilikuwa nikitazama udongo ule mweusi na kujiuliza, ni Nyakundi au ni udongo? Wangenipa mimi hilo gari, je? Nilikupenda, na nilikuonea kijicho kidogo, vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Unakumbuka nilivyochukua mbegu zako nikazipanda kwangu ili nijue? Yalitoka mahindi mafupi, nikakuletea moja kama ushahidi. Nikasema, unaona, mbegu ni yako, mkono ni wangu, tofauti ni udongo. Uliligeuzageuza hindi lile. Ukatupa jicho jikoni, ukakaa kidogo, kisha ukaniuliza, “Ulipanda lini?” Nikakuambia. “Ulichelewa,” ukasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini lile jicho la jikoni nililiona, nikadhani una njaa.

Kisha ukaugua kifua, na kifua hakikutungoja.

Sitaandika mazishi, ulikuwepo. Nitaandika yaliyofuata. Nilikuwa nakuja Nyansiongo mara kwa mara kumsaidia Mama Moraa, na nakiri kwamba sikuja kwa huruma peke yake. Nilikuwa nataka kujua. Nilijiambia, sasa dereva ameondoka na gari limebaki. Maziwa yakipungua, Jumapili alikuwa na haki, nitakwenda kaburini nimwombe radhi. Yasipopungua, mimi nilikuwa na haki. Nikawa nafungua mifuniko ya mikebe kama askari anayekagua. Maziwa hayakupungua. Mahindi ya msimu ule yakasimama vile vile. Nikajisemea, basi nimeshinda, ni shamba. Na nakuambia ukweli, ushindi ule ulinikaa tumboni kama ugali mbichi. Nilikuwa nimetaka ushinde wewe.

Ikaja Pasaka. Nilivuka vilima nikakaa ukingoni Jumapili, kwa mazoea tu, sikuwa hata na hamu. Mama Moraa alikuwa amewahi misa ya kwanza, akarudi, akawa anakata majani ya ng'ombe upande wa pili wa ua. Yakapita magari mawili matatu. Kisha likaja la bluu, likaingia kwenye kona, na pale pale chini yangu likapiga kelele ya ajabu, likasimama huku limepinda. Pancha.

Milango yote miwili ikafunguka. Upande wa kushoto, upande wangu, akatoka yule niliyemjua miaka yote kuwa ndiye Kipanga, karatasi bado ziko mkononi. Upande wa kulia akatoka mtu mwingine, mpana wa mabega, kofia ngumu imembana mashavu. Watoto waliokuwa barabarani wakamkimbilia huyo wa kulia wakipiga kelele, “Kipanga! Kipanga!” Nikasimama. Nikateremka ukingoni nusura nianguke. Nikainama kwenye dirisha la kushoto nitazame ndani, mtu mzima kama mimi, mbele za watoto. Usukani ulikuwa kulia, kama kwenye gari lolote la nchi hii. Kushoto palikuwa na kiti, na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Jumapili, hakuwa dereva! Miaka yote mimi nilikuwa namtazama mtu wa karatasi! Magari yakienda yalikuonyesha wewe upande wa kulia, yakirudi yalinionyesha mimi upande wa kushoto. Wewe ulikuwa umemwona Kipanga. Mimi nilikuwa namwona jirani yake, na kwa kuwa jirani hakushika kitu, nikahukumu kwamba gari linajiendesha.

Mama Moraa akaja na maji kwenye birika. Walibadilisha gurudumu haraka kuliko mimi ninavyofunga kiatu. Yule wa karatasi alikuwa Mkenya, anasema Kiswahili, nami sikuweza kujizuia. Nilimuuliza, wewe kazi yako ni nini humu ndani? Akacheka, hakuona ajabu. “Namsomea kona, mzee. Yeye haoni ng'ambo ya kilima. Mimi nilipita hapa mapema nikaandika.” Nikamuuliza, na akikataa kukusikia? Akatazama mto. “Basi tunaenda kuoga,” akasema, akaingia, mlango ukafungwa. Waliondoka anaimba kwa sauti, kushoto, daraja, nyembamba, nyembamba, na gari likafanya alivyosema, sawa na ng'ombe wa kulima wanapomjua mtu anayewatangulia.

Nilirudi nikakaa kwenye nyasi. Mama Moraa aliokota birika, akatazama mawingu upande wa Sotik, akasema, hakuniambia mimi hasa, “Majani haya yaingie ndani, mvua inakuja.” Mimi sikuona dalili yoyote ya mvua. Kabla sijafika kwangu ilikuwa imeninyeshea mpaka ndani ya viatu.

Nilikuwa natembea kwenye mvua ile nakukumbuka. Nilikumbuka kila mara nilipokuuliza jambo la shamba, na kila mara ulivyotupa jicho jikoni kabla ya kujibu. Nilimkumbuka Mama Moraa akipita nyuma yako na kuni kichwani, akisema polepole, “Leo ni josho,” na wewe baada ya muda kidogo unasimama, unajinyoosha, unatangaza kwa boma zima, “Haya, ng'ombe waende josho leo!” Nilimkumbuka yule ndama aliyezaliwa vibaya, wewe mkono uko ndani mpaka begani, yeye amesimama kichwani pa ng'ombe anakuambia, geuza, sasa vuta, ngoja. Nilikuwa nimeyaona yote hayo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako nimeshika kikombe chako. Na bado nilikwenda kwangu nikiuliza kama ni Nyakundi au ni udongo.

Sasa Ogeto. Alikuja kutoka Nakuru siku chache baada ya Pasaka, suruali imenyooshwa, akaita wazee wa ukoo wenu hapo hapo uani kwako. Na mimi aliniita. Nilidhani ni heshima. Kumbe nilikuwa shahidi wake. Alisema kwa Kiswahili, ujue amekaa mjini.

“Wazee, mimi siongei mingi. Hii shamba ni kama gari nzuri. Ombati huyu, rafiki ya marehemu, alikuwa anasema kila mwaka: gari ndio inashinda, si dereva. Mwulizeni! Weka mtu yeyote hapa, itaenda tu. Sasa mimi nakaa Nakuru kwa chumba ya kukodi, na gari ya ndugu yangu iko hapa na mwanamke. Hiyo ni haki?”

Watu wote wakanitazama. Yalikuwa maneno yangu, hata namna ya kuyasema ilikuwa yangu, na niliyasema uani pale pale, mdomo umejaa chakula chenu.

Mzee Makori, yule mkubwa wa ukoo wenu, akakohoa, akasema yeye haamini hayo ya gari. Alisema siku zote kazi ni ya dereva. Nikashusha pumzi, nikadhani anamwokoa Mama Moraa. Akaendelea, kwa Ekegusii sasa, kwamba ndiyo maana kiti cha Nyakundi hakiwezi kukaa wazi, dereva amekufa, lazima awekwe dereva mwingine wa damu ile ile. Wazee wakaitikia. Ona basi mambo yetu, rafiki yangu! Nikisema gari, Mama Moraa anatoka. Nikisema dereva, Mama Moraa anatoka. Ubishi wetu mzima, upande wangu na upande wako, haukuwa na mahali pa kumweka huyu mama. Yeye alikuwa amekaa mlangoni na wanawake wengine, mikono mapajani, anatazama chini.

Nilisimama. Nikasema, “Wazee, mnabishana kama tulivyobishana mimi na marehemu, na sisi tulikosea wote wawili. Ndani ya lile gari kuna mtu wa pili.”

Wengine walicheka. Mzee mmoja akauliza, “Huyo wa kusoma? Huyo anashinda nini?” Nikawaeleza habari ya pancha, yote, pamoja na kosa langu la usukani, wakacheka zaidi, na mimi nikawaacha wacheke maana mtu akicheka masikio yanafunguka. Kisha nikawauliza mtu mmoja mmoja. Wewe, ulipokuja kumuuliza Nyakundi siku ya kupanda, alikujibu papo hapo? Akafikiri. Akasema hapana, alisema njoo kesho. Na wewe, ulipomletea ng'ombe mgonjwa? Akasema Nyakundi aliingia ndani kwanza, akatoka na dawa. Mwingine akasema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba alizoea kuona jambo hilo, akadhani marehemu alikuwa mtu wa kusali kabla ya kujibu. Nikasema, alikuwa anakwenda kusomewa kona.

Mzee Makori aligeuka polepole akamtazama mke wako. Sidhani kama alikuwa amewahi kumuuliza neno mbele ya watu. “Ni kweli ulikuwa ukimwambia Nyakundi mambo ya shamba?”

Mama Moraa alisimama. Nilijua anaweza kuukamata ushindi wote hapo hapo, aseme ndiyo, yote yalikuwa yangu. Nami ningemuunga mkono. Ila alisema hivi, na nakuletea kama alivyosema, maana ni mali yako:

“Mimi nilikuwa nasema tu, Mzee. Kusema si kazi. Hapa kuna wanawake wengi wanasema kila siku. Yeye alikuwa anasikia.”

Wanawake wa mlangoni walianza kucheka, kisha wakaacha. Mmoja akasema, “Ni kweli,” kwa sauti iliyomfanya mume wake atazame viatu vyake.

Kilichofuata sikukipanga mimi. Mzee Makori alimgeukia Ogeto, akamuuliza kwa upole kabisa, “Na wewe ukikaa hapa, utamsikia?” Ogeto angesema ndiyo tu, neno moja, na pengine leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Lakini kiburi hakikumwacha. “Mimi? Nisikie mwanamke aniambie kulima?” Akacheka peke yake. Mzee Makori akachukua kofia yake kutoka gotini, akaivaa, akasema mama huyu akae na shamba lake na watoto wake, na kwenye daftari la chama cha maziwa liandikwe jina lake, na neno hilo lisirudishwe uani pale tena. Ogeto aliondoka kabla ya chai. Mpaka leo hanisalimu, na mimi nimepata nafuu.

Sasa unataka kujua nani ameshinda, wewe au mimi. Nimefikiri sana. Nadhani umeshinda wewe, lakini kwa sababu ambayo hukuijua. Ulisema ustadi wa Kipanga uko kwenye mikono. Mimi naona mikono yenye nguvu imejaa Kisii nzima. Kuingia kwenye kona usiyoiona, mguu hauachi mafuta, kwa kuwa mtu aliyekaa karibu nawe amesema inapitika, hapo ndipo pagumu. Wangapi wanaweza? Mimi nimejaribu nyumbani. Juzi mke wangu aliniambia nisiuze ndizi wiki hii, nikauza, na sitaki kulizungumza.

Lakini bado nina maswali na huna ruhusa ya kudhani nimekubali yote. Gari baya na watu wawili wazuri, wanafika? Na yule wa karatasi, akihamia gari jingine, Kipanga anabaki bingwa? Na nani alimfundisha Mama Moraa kuisoma mvua? Nilimuuliza. Alisema hakufundishwa, alikuwa anatazama tu. Nikamuuliza anatazama nini. Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza maji yanalowanisha vipi.

Wiki iliyopita nilikuja kurekebisha ua. Nilikuwa nyuma ya ghala, hakujua kama nimefika. Alitoka na kuni kichwani, akapita karibu na kiti chako, akasema polepole, “Leo ni josho.” Kisha akasimama. Hakuniona, hakuwa anasema na watoto, watoto walikuwa shuleni. Alisimama pale kama mtu aliyezoea kungoja kidogo, muda ule ule uliokuwa unauchukua wewe kunyanyuka. Halafu akatua kuni, akachukua fimbo, akawafungulia ng'ombe mwenyewe.

Nililia nyuma ya ghala, Nyakundi. Nusura nimwitikie ili asingoje bure.

Sitamwitikia. Hilo ndilo ninalokuahidi. Nitarekebisha ua, nitabeba mikebe mpaka barabarani, Ogeto akirudi nitasimama tena, na nikimsikia anakuambia jambo nitanyamaza pale nilipo mpaka amalize kukungoja.

Pumzika salama.

Ni mimi,
Ombati